Mtoto wa Miaka 12 Njiani: Luka 2:41-52 na Safari za Jamaa Zetu



Kila mwaka, vakansi kubwa inapokaribia, swali moja linarudi katika makanisa yetu. Vijana wa kwaya wanaomba ruhusa ya kwenda kuimba katika kanisa rafiki ng'ambo ya ziwa. Watoto wanaomba kwenda kumwona nyanya yao kijijini. Wazazi wanaangalia hali ya barabara, bei ya boti na habari za usalama, kisha wengi wanajibu hapana. Wengine wanajibu ndiyo bila kuuliza lolote. Mimi mchungaji nimekwisha kujibu kwa njia hizo mbili, na zote mbili zimenifundisha.

Miaka kadhaa iliyopita tulisafiri na vijana 41 kutoka Bukavu kwenda kisiwa cha Idjwi kwa siku mbili. Wakati wa kuondoka niliwahesabu mimi mwenyewe, mmoja mmoja, wakiingia ndani ya boti. Wakati wa kurudi sikuhesabu. Watu walikuwa wamechoka, mawingu ya mvua yalikuwa yanakusanyika juu ya ziwa, na mwendesha boti alikuwa anatuhimiza. Nilidhani mwalimu wa kwaya amehesabu. Yeye alidhani mashemasi wamehesabu. Mashemasi walidhani mchungaji hawezi kusahau jambo kama hilo. Tulipofika bandarini, mama mmoja alisimama akiangalia kila mtoto anayeshuka, mpaka wa mwisho. Kisha akanigeukia: “Pasta, mutoto wangu iko wapi?”

Mtoto huyo alikuwa na miaka 13. Mwisho wa habari yake nitausema hapa chini. Lakini usiku ule nilifungua Luka 2, sehemu niliyoisoma mara nyingi katika shule ya teolojia, hata katika Kigiriki, bila kusikia uchungu uliomo. Tangu siku ile naisoma kwa namna nyingine, na leo napenda tuisome pamoja. Ni habari ya kijana mmoja, jamaa moja na safari moja, na ina mengi ya kutuambia sisi tunaoishi mashariki ya Kongo.

Jamaa maskini iliyozoea safari

Luka anaanza kwa kusema kwamba wazazi wa Yesu walikuwa na desturi ya kwenda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka. Torati iliwaagiza wanaume wa Israeli waende mbele za Bwana mara tatu kwa mwaka: kwa Mikate Isiyotiwa Chachu, ambayo ndiyo majira ya Pasaka, kwa sikukuu ya Majuma, ambayo sisi tunaijua kama Pentekoste, na kwa sikukuu ya Vibanda (Kutoka 23:14-17, Kumbukumbu la Torati 16:16). Agizo lilitaja wanaume. Hata hivyo Luka anasema wazazi, wote wawili. Maria alikwenda pia.

Tukumbuke kwamba jamaa hii haikuwa na mali. Mtoto alipopelekwa hekaluni akiwa mchanga, wazazi walitoa ndege wawili (Luka 2:24), na Walawi 12:8 inaeleza kwamba hiyo ilikuwa sadaka ya mama asiyeweza kununua mwana-kondoo. Kwa hiyo tusiseme kwamba kusafiri na watoto ni jambo la matajiri. Fundi wa Nazareti alijinyima, akafunga kazi yake kwa siku nyingi, akaichukua jamaa yake njiani.

Kwa nini? Kwa sababu Mungu aliifanya safari kuwa shule ya watoto. Katika Kutoka 12:26-27, Musa anawatayarisha wazazi kwa siku ambayo mtoto atauliza maana ya Pasaka. Katika Yoshua 4 mawe yanasimamishwa karibu na Yordani ili watoto wakipita pale waulize. Wazazi walipewa amri ya kuongea na watoto nyumbani na njiani pia (Kumbukumbu la Torati 6:7). Mtoto akiona fasi kwa macho yake, anauliza. Akiuliza, mzazi anapata mlango wa kumweleza matendo ya Bwana. Hata Samweli alikua katika desturi ya namna hii: wazazi wake walipanda kwenda Shilo kila mwaka, na mama yake alimletea kanzu ndogo aliyomshonea (1 Samweli 2:19). Kila mwaka mama yule alipaswa kufikiri mtoto amekuwa mrefu kiasi gani.

Njia yenyewe

Kutoka Nazareti mpaka Yerusalemu ni zaidi ya kilomita 100 kwa miguu, kadiri ya njia mtu anayochagua. Mwandishi wa historia Flavius Josephus, Myahudi aliyeishi katika karne ile ya kwanza, anaandika kwamba mtu mwenye haraka akipita Samaria aliweza kutoka Galilaya na kufika Yerusalemu kwa siku tatu. Msafara wenye watoto, wazee na mizigo ulihitaji muda zaidi.

Njia ya Samaria ilikuwa fupi, lakini Wayahudi na Wasamaria hawakupatana. Baadaye Yesu mwenyewe alinyimwa mapokezi katika kijiji kimoja cha Wasamaria kwa sababu alikuwa anaelekea Yerusalemu (Luka 9:51-53). Josephus anasimulia pia jinsi wasafiri wa Galilaya walivyouawa huko walipokuwa wanakwenda kwa sikukuu, wakati wa liwali Cumanus, karibu miaka ishirini baada ya Pentekoste. Njia nyingine ilishuka katika bonde la Yordani mpaka Yeriko, kisha ikapanda milimani. Kutoka Yeriko mpaka Yerusalemu ni karibu kilomita 25 tu, lakini mtu anapanda karibu mita 1,000. Aliyepanda Ngomo kwa miguu kutoka Kamanyola anafahamu maana yake. Na ni katika barabara hiyo Yesu aliweka mfano wa mtu aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi (Luka 10:30). Wasikilizaji wake hawakuhitaji maelezo. Waliijua barabara hiyo.

Basi wazazi wa Nazareti walijua hatari. Hawakuishi katika nchi ya amani. Walikuwa chini ya askari wa Roma. Walikwenda hata hivyo, lakini hawakwenda peke yao. Walikwenda kwa msafara, wakiimba. Zaburi 120 mpaka 134 zinaitwa nyimbo za kupanda, na wafafanuzi wengi wanaona kwamba zilikuwa nyimbo za watu waendao Yerusalemu. Someni Zaburi ya 121 mkifikiria mama anayetembea usiku na mtoto katika milima, mtaona kwa nini inaongea habari za Mlinzi asiyelala.

Msafara na sinodi

Neno ambalo Luka anatumia kwa msafara huo, katika Kigiriki, ni *sunodia*. Linapatikana fasi hii moja tu katika Agano Jipya lote. Limeundwa na neno la “pamoja” na neno la “njia”: watu walio pamoja njiani. Ni ndugu wa neno tunalolijua vizuri, *sinodi*, mkutano wa wajumbe wa kanisa. Tunapoita sinodi, tunafikiria viti, ripoti na kura. Lakini mizizi ya neno ni watu wanaotembea njia moja, wakichukuliana mizigo, wakiangaliana watoto.

Katika msafara kama ule, mtoto hakuwa wa papa na mama yake tu. Shangazi alimpa chakula, jirani alimkemea, mjomba alimbeba akichoka. Sisi Wakongo tunafahamu jambo hili bila mwalimu, maana ndivyo tulivyokuzwa. Ni baraka kubwa. Lakini Luka anatuonyesha kwamba ndani ya baraka hiyo kuna mtego.

“Walidhani”

Sikukuu ilipokwisha, msafara ulianza kurudi. Kijana alibaki Yerusalemu, na wazazi hawakujua. Walidhani yumo katika msafara, wakaenda mwendo wa siku nzima.

Mara nyingi tunasikia mahubiri yanayoeleza kwamba wanaume walitembea upande wao na wanawake upande wao, na kwamba Yosefu alidhani mtoto yuko na mama, na Maria alidhani yuko na baba. Pengine ilikuwa hivyo, lakini Luka hasemi. Anasema jambo rahisi zaidi, na gumu zaidi kwetu: walidhani. Hawakuwa wazazi wabaya. Walimpenda mtoto, walimcha Mungu, walikuwa wanatoka kuabudu. Lakini kwa siku moja nzima dhana ilishika nafasi ya hesabu.

Tunasikia pia kwamba Yesu alipelekwa Yerusalemu kwa sababu miaka 12 ilikuwa umri wa sherehe ya kumwingiza kijana katika sheria. Tuwe waangalifu. Mishna, kitabu cha mafundisho ya marabi kilichokusanywa karibu mwaka 200 baada ya Kristo, inataja miaka 13 kuwa umri wa kushika amri, na sherehe yenyewe kama Wayahudi wanavyoifanya leo ilitokea karne nyingi baadaye. Luka anataja umri kwa sababu kijana alikuwa mlangoni: si mtoto wa kushikwa mkono, wala si mtu mzima wa kujitegemea. Umri huo ndio unaotusumbua sisi wote. Mtoto wa miaka 5 tunamshika. Mtu wa miaka 25 tunamwaga kwa maombi. Lakini huyu wa miaka 12, 13 au 15 tunadhani tu. Tunadhani yuko kwa rafiki. Tunadhani yuko kwenye mazoezi ya kwaya. Tunadhani kikundi cha vijana kinamwangalia.

Siku tatu

Jioni ya siku ya kwanza walimtafuta kati ya ndugu na marafiki. Hawakumwona. Hapo walifanya jambo ambalo kila mzazi analielewa: waliuacha msafara na kurudi. Msafara ndio uliokuwa usalama wao. Walirudi wawili tu katika barabara ile ile waliyoiogopa, kwa sababu mtoto ni zaidi ya usalama. Wafafanuzi wengi wanahesabu hivi: siku moja ya kwenda, siku moja ya kurudi, na siku ya tatu wakamkuta.

Maria alipomwona, alimwambia kwamba yeye na baba yake walikuwa wanamtafuta kwa uchungu. Neno la Kigiriki analotumia Luka kwa uchungu huo ni zito sana. Linatumika mara nne tu katika Agano Jipya, na mara zote ni Luka anayeliandika: hapa kwa Maria na Yosefu, mara mbili kwa yule tajiri katika mateso (Luka 16:24-25), na mara moja kwa wazee wa Efeso walipoagana na Paulo wakijua hawatauona uso wake tena (Matendo 20:38). Basi tusiisome habari hii kwa haraka kama hadithi nzuri ya watoto. Kwa siku tatu mama wa Bwana wetu alikuwa katika maumivu ambayo Luka anayaita kwa neno lile lile la moto wa kuzimu.

Hapa nasimama kidogo, maana najua ninaongea na nani. Katika makanisa yetu wako wamama na wababa ambao mtoto wao alipotea katika kukimbia vita, na siku tatu zimekuwa miezi au miaka mitatu. Watoto wetu wengi wanajua neno safari kwa maana moja tu: godoro kichwani, sufuria mkononi, barabara imejaa watu, na risasi nyuma. Kwa wazazi hao sina neno jepesi. Sitawaambia kwamba siku ya tatu itafika kwa kila mtu katika maisha haya. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba Maandiko hayakuficha uchungu wenu. Yaliuweka ndani ya nyumba ya Yesu mwenyewe. Na kutafuta kwenu kwa machozi si upungufu wa imani. Mama aliyembeba Bwana tumboni alitafuta hivyo.

Kijana kati ya walimu

Walimkuta hekaluni. Hekalu lile lilikuwa bado linajengwa. Kazi aliyoianza Herode ilidumu zaidi ya miaka arobaini (Yohana 2:20). Katika viwanja na kumbi zake walimu waliketi na watu wakawazunguka.

Picha nyingi zinaonyesha mtoto Yesu amesimama, ameinua kidole, anawafundisha wazee. Luka anaeleza kwa utaratibu mwingine: alikuwa ameketi, anasikiliza, anauliza maswali. Ndipo, alipojibu, watu wakashangazwa na akili zake. Kusikiliza kunakuja kwanza, maswali yanafuata, na majibu mwishoni. Kijana anayesafiri anaweza kujifunza hapo. Ukifika katika kanisa la wengine au kijiji cha wengine, keti kwanza. Sikiliza, uliza. Usifike kwa simu mkononi ukitafuta picha yako mwenyewe tu.

Na walimu wale wanatufundisha sisi viongozi. Walimpa mtoto wa fundi kutoka Galilaya nafasi ya kuketi kati yao. Hawakumfukuza kwa sababu ya umri wala kwa sababu ya lugha ya kwao. Vijana wetu wakitoka nyumbani, watakutana na nani? Kama wazee wa kanisa hawana muda wa maswali yao, wako wengine barabarani wenye muda mwingi, na wengine wao wana bunduki.

Swali la mama, jibu la mtoto, na njia ya kurudi

Maria anauliza kwa nini amewatenda hivyo. Yesu anajibu kwa swali: kwa nini walimtafuta, je, hawakujua? Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya Yesu ambayo Luka ameyaandika. Sehemu ya mwisho ya jibu inatafsiriwa kwa njia mbili, maana Kigiriki kinasema tu “katika vile vya Baba yangu”. Wengine wanaelewa ni nyumba ya Baba, wengine wanaelewa ni kazi ya Baba. Maana zote mbili zinakutana: Maria alitaja baba wa nyumbani, na kijana akamtaja Baba wa mbinguni.

Kijana mmoja aliwahi kuniambia: “Pasta, hata Yesu alibaki bila ruhusa.” Nilimwomba asome mpaka mwisho. Mstari wa 51 unasema kwamba alishuka pamoja nao, akafika Nazareti, na alikuwa akiwatii. Yeye aliyemjua Baba yake kuliko kijana yeyote duniani alirudi nyumbani, akaishi chini ya wazazi ambao hawakumwelewa vizuri. Mwito wa Mungu haukumfanya awadharau. Na wazazi nao waone: Maria hakuelewa, lakini aliyaweka mambo yote moyoni. Hakumfungia mtoto mlango kwa sababu safari moja ilileta hofu. Na kijana aliendelea kukua katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na watu.

Luka anafunga kitabu chake karibu kama alivyokifungua. Katika sura ya 24 watu wawili wanaondoka Yerusalemu baada ya Pasaka, siku ya tatu, wakidhani wamempoteza Yesu. Wanapomtambua Emau, wanageuka usiku ule ule na kurudi Yerusalemu. Mwanzoni wazazi wawili wanamtafuta mtoto. Mwishoni Bwana mfufuka anawatafuta watu wake njiani. Tunahesabu na kutafuta kwa sababu sisi wenyewe tumehesabiwa na kutafutwa.

Kwa jamaa na makanisa yetu

Basi tufanye nini? Ninataja mambo machache ambayo sisi tumejifunza, mengine kwa aibu.

*Kuhesabu kwa majina, kwenda na kurudi.* Kila watu kumi wawe na mtu mzima mmoja anayewajibika, mwenye orodha mkononi. Luka yule yule, akieleza safari ya Paulo baharini, anatupatia hesabu ya watu waliokuwa katika merikebu: 276 (Matendo 27:37). Merikebu ilivunjika, lakini wote walifika nchi kavu.

*Kutoshindana na ziwa.* Katika sura hiyo hiyo Paulo alionya kwamba majira hayakuwa mazuri, lakini akida alimsikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu. Sisi tunajua mambo hayo. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa na watu kupita kiasi, na watu wengi walikufa mbele ya macho ya waliokuja kuwapokea. Kama boti imejaa, tushuke, hata kama tumekwisha kulipa. Kama hakuna jile kwa kila mtu, tusubiri nyingine. Kama upepo umeanza, tulale. Kuahirisha safari si kukosa imani.

*Kulinda wasichana na wadogo.* Wawepo mama na papa wanaojulikana na kanisa. Fasi ya kulala ijulikane kabla ya kuondoka. Mtoto asitumwe peke yake usiku, na mtu mzima asijitenge na mtoto mmoja, hata akiwa kiongozi.

*Kumfundisha mtoto majina.* Kila mtoto ajue majina kamili ya wazazi wake, kijiji chao, kanisa lake na namba moja ya simu ya ndugu. Ikitokea vita vimewatenganisha, habari hizo ndizo zinazosaidia. Msalaba Mwekundu wa Kongo na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu wana kazi ya kutafuta watu wa jamaa waliotengana. Wachungaji wawaongoze wazazi kwao, wasiwaache watafute peke yao.

*Kuanza na safari ndogo.* Si kila jamaa ina pesa ya boti, na si kila barabara iko wazi leo. Lakini Jumapili baada ya ibada, papa anaweza kutembea na watoto mpaka kwa mzee mmoja wa kanisa, ili awaeleze jinsi Injili ilivyofika katika kijiji chao na nani alijenga kanisa la kwanza la majani. Mama anaweza kuwaonyesha shamba alilolima akiwa msichana. Watoto ambao njia imekuwa kwao njia ya kukimbia tu wanahitaji kujua kwamba mtu anaweza kutoka nyumbani kwa furaha na kurudi akaikuta nyumba.

*Kuuliza wanaporudi.* Tuwaketishe, tuwape chakula, tuwaulize waliona nini. Wapewe dakika kumi mbele ya kanisa. Safari ambayo hakuna aliyeuliza habari zake inapotea haraka.

Yule mtoto wa Idjwi

Usiku ule tulipiga simu nyingi. Karibu saa nne mzee mmoja wa kanisa la kisiwani alituambia kwamba kijana yuko kwake, amekula, amelala. Alikuwa amemfuata mzee mwingine shambani kuona mananasi, akauliza maswali mpaka boti ikaondoka. Asubuhi na mapema mimi na baba yake tulipanda boti ya kwanza. Njiani hatukuongea. Nilitaka kuomba msamaha, na sikujua nianzie wapi.

Tulipofika, kijana alisimama mbele ya baba yake, akiangalia chini. “Papa, nilizania muliniona,” alisema. Yeye pia alikuwa amedhani. Baba yake alimshika kichwa kwa mikono miwili, kwa muda mrefu. Kisha akasema: “Twende unionyeshe hayo mananasi.” Tulikwenda sote watatu, na kijana alitueleza njia nzima: jinsi wanavyopanda machipukizi, na muda wa kungoja mpaka matunda.

Jumapili iliyofuata niliungama kosa langu mbele ya kanisa. Mama wa kijana alikuja kunisalimu mlangoni. Nilidhani ataniambia kwamba mtoto wake hatasafiri tena nasi. Aliniambia: “Mwaka ujao ataenda. Lakini wewe Pasta, utahesabu mara mbili.”

Tangu siku ile nahesabu mara mbili.

*Kwa mazungumzo ya vikundi:* Wazazi, ni jambo gani kuhusu mtoto wenu mnalodhani tu, bila kumuuliza? Vijana, ni nani nyumbani ambaye anapaswa kujua leo mahali ulipo? Viongozi, je, kanisa letu lina orodha ya watoto wake ambao hawajarudi, na je, tunawataja kwa majina katika maombi?

Bwana aliyetembea njiani na wazazi wake awalinde mnapotoka na mnapoingia. Amina.